Sifuri iliyodanganya: kisa cha utando wa paladi katika chumba cha betri, Lamu

Mahali na mitambo

Kisa hiki kilitokea katika kimojawapo cha visiwa vya Lamu, kwenye kituo kidogo cha kutengeneza barafu kinachoendeshwa na kikundi cha wavuvi. Majina ya watu, ya kisiwa na ya taasisi zilizohusika yameondolewa, na vipimo vichache visivyobadilisha hoja vimekadiriwa. Mimi niliitwa kama fundi wa sola kutoka nje ya kikundi baada ya mambo kwisha kuharibika, na yaliyotangulia nimeyapata kwa wahusika wenyewe na katika daftari la kituo.

Umeme wa kituo ulitoka kwenye paneli za sola na betri za asidi za kuongezwa maji, seli 24 za volti 2 zilizounganishwa kupata volti 48. Betri hizo zilichaguliwa kwa sababu bei yake ilikuwa nafuu na kwa sababu mafundi wa pwani wamezizoea. Tabu yake ni kwamba zikishajaa na chaji ikaendelea kuingia, umeme huyachanganua maji yaliyomo, yakatoka hidrojeni na oksijeni. Kila ampea-saa moja inayopita katika seli iliyojaa huzaa karibu lita 0.45 za hidrojeni. Wakati wa chaji ya kusawazisha, ambapo kila seli hupandishwa hadi volti 2.5 au zaidi kwa saa kadhaa ili zote zilingane, ampea 20 za ziada katika seli 24 hutoa zaidi ya lita 200 kwa saa. Hidrojeni ikifika asilimia 4 ya hewa inaweza kuwaka, na cheche ndogo isiyoonekana kwa jicho inatosha kuiwasha.

Chumba chenyewe kilikuwa ghala la zamani: kuta za mawe ya matumbawe zilizopakwa chokaa, dari ya boriti za mikoko, mlango mmoja, na madirisha mawili yaliyokaa chini sana kuliko usawa wa boriti. Msimu wa kusi madirisha hayo yalifungwa ili mvua na mnyunyizo wa chumvi usifike kwenye vichwa vya betri. Hidrojeni ni nyepesi mara 14 kuliko hewa, kwa hiyo hupanda moja kwa moja juu, na katika dari ya namna hiyo kila nafasi iliyo kati ya boriti na boriti ni mfuko unaoihifadhi.

Palikuwa na feni ya kutolea hewa, lakini haikuzunguka muda wote. Waliobuni mitambo waliona kwamba kila wati inayokwenda kwenye feni inaondolewa kwenye barafu, wakaiunganisha na kihisi cha hidrojeni: feni na king'ora viwake kihisi kikisoma asilimia 1, yaani robo ya kiwango cha hatari. Kwa kikundi kinachohesabu kila kilo ya barafu kabla ya mashua kuondoka alfajiri, uamuzi huo ulikuwa na mantiki yake, na sitaki usomwe kama uzembe.

Utando na kazi yake

Kihisi kilitengenezwa na maabara ya chuo kikuu kimoja na kuletwa kama sehemu ya mradi wa majaribio. Moyo wake ulikuwa utando wa paladi, metali adimu yenye rangi ya fedha, wenye unene wa nanomita 100 hivi (sehemu moja ya elfu kumi ya milimita), uliolazwa moja kwa moja juu ya kipande cha kioo, na mzunguko mdogo wa kupima ukinzani wake, yaani jinsi unavyouzuia umeme kupita.

Tangu mwaka 1866, mkemia Mskoti Thomas Graham alipoonyesha kwamba paladi inaweza kumeza hidrojeni mara mamia ya ujazo wake yenyewe, metali hii imekuwa ndiyo ya kutazamwa kwanza mtu anapotaka kuitambua gesi hiyo. Molekuli ya hidrojeni ikigusa uso wa paladi hupasuka kuwa atomi mbili, na atomi hizo huzama ndani na kukaa katika nafasi zilizo kati ya atomi za metali. Zikiwa humo huuzuia mkondo wa umeme, na ukinzani hupanda. Kupima ukinzani, basi, ni kupima hidrojeni, maadamu utando wenyewe haujabadilika umbo.

Hapo ndipo palipo na uzito wa kisa hiki. Kwa kiasi kidogo cha gesi, paladi hukaa katika hali iitwayo alfa, ambamo kila atomi 100 za metali zimepokea atomi moja au mbili tu za hidrojeni, na fuwele haivimbi kwa kiasi cha kutajika. Gesi ikizidi, metali huruka kuingia hali ya beta, ambamo atomi 100 hubeba kama 60. Upana wa chembe ya msingi ya fuwele hutoka nanomita 0.389 kufika karibu 0.402, na ujazo huongezeka kwa zaidi ya asilimia 10. Katika joto la kawaida la chumba mruko huo hutokea shinikizo la hidrojeni linapokaribia asilimia 1 hadi 2 ya shinikizo la hewa, ingawa joto, oksijeni iliyopo na unene wa utando huusogeza kidogo. Kwa maneno mengine, king'ora kiliwekwa kwenye kizingiti kilekile ambacho utando ukikivuka hufumuka.

Mambo yalivyokwenda

Miezi ya kwanza kihisi kilifanya kazi kama kilivyokusudiwa. Siku ya chaji ya kusawazisha namba kwenye kioo cha kusomea cha kifaa ilipanda, feni ikawaka, na baadaye namba ikashuka. Dalili moja ilionekana mapema na haikufuatwa: kushuka kulichukua saa nyingi kuliko kupanda. Hilo ni jambo la kawaida kwa paladi iliyofika beta, kwa sababu gesi haitoki kwa shinikizo lilelile iliyoingilia. Hungoja hewa iwe safi zaidi ndipo iachie. Kama lingeulizwa, lingetoa habari kwamba utando ulikuwa unaivuka ile hatua kila mara.

Kisha sifuri ikaanza kupanda. Asubuhi na mapema, betri zikiwa hazijapata chaji tangu jana yake na mlango uko wazi, kihisi kilisoma asilimia 0.3, halafu 0.6, halafu king'ora kikaanza kulia usiku wa manane na feni kuzunguka hadi alfajiri. Fundi wa kituo aliwapigia simu watengenezaji. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba vihisi huhama sifuri yao kadiri vinavyozeeka, na kwamba abonyeze kitufe cha kuiweka upya akiwa katika hewa safi. Akafanya hivyo. Sifuri ilipohama tena, akabonyeza tena, na kila mara akaandika tarehe daftarini, jambo ambalo baadaye lilitusaidia sana.

Baada ya muda kihisi kikatulia. Kikasoma 0.0 asubuhi, mchana na jioni, hata siku ya kusawazisha. King'ora kikanyamaza, feni haikuwaka tena, na watu wakafurahi kwamba barafu imeongezeka.

Kaskazi ilikuwa imeingia na joto limepanda. Mhudumu wa betri, mwanamke kijana aliyekuwa akiongeza maji na kuandika kila lita, aligundua mambo mawili. Koo lilimwasha kila alipoingia chumbani mchana, na maji ya betri aliyokuwa akinunua yalikuwa yamezidi mara mbili. Akamwendea mwenyekiti wa kikundi.

"Ami, betri zachemka mchana kutwa, na maji nayamaliza kabla mwezi haujafika nusu. Mashine yasema hapana kitu."

"Mwanangu, mashine imeletwa na watu wa chuo. Wao ndio wajuao."

Hakuridhika. Aliendelea kuandika, na kikundi kiliponiita kuangalia kwa nini betri zinachoka upesi, alinipa daftari kabla sijafungua mkoba.

Uchunguzi

Siku hiyo chaji ya kusawazisha ilikuwa inaendelea. Nilipandisha ngazini kipimo cha mkononi cha aina ya kichocheo, kile kinachoichoma gesi kidogo kidogo ndani ya kifuniko cha wavu na kupima joto linalotokea. Kwenye usawa wa kifua kilisoma asilimia 0.4. Kati ya boriti ya tatu na ya nne kilikaribia asilimia 2. Ukutani, mkono mmoja kutoka hapo, kihisi kilisoma 0.0. Tulikata chaji, tukafungua kila kilichofungika, na hatukugusa swichi yoyote humo ndani hadi kipimo kiliposhuka.

Kihisi tulikifungulia nje barazani. Kwenye karatasi ya watengenezaji utando mpya ulikuwa na ukinzani wa omu 62 hivi. Sasa katika hewa safi ulikuwa na zaidi ya omu 400. Tuliuwekea gesi ya majaribio, hidrojeni asilimia 2 ndani ya hewa, kutoka kwenye chupa ndogo iliyokuja na kipimo changu. Ukinzani haukupanda. Ulianza kushuka, kwanza polepole kisha kwa kishindo, ukafika omu 150. Tulipoondoa gesi ukarudi juu, ukisitasita, na haukutua pale ulipoanzia.

Mwalimu wa sayansi wa shule ya jirani alituazima hadubini. Chini yake utando, ambao kwa macho ulionekana kama kioo cha kujitazamia kilichofifia kidogo, ulikuwa umejaa malengelenge na mikunjo ya kupindapinda kama njia anazoacha konokono juu ya tope maji yakishakupwa. Migongo ya mikunjo mingine ilikuwa imepasuka, na ukingo mmoja mzima ulikuwa umebanduka kutoka kwenye kioo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutenganisha feni na kihisi. Tuliiunganisha na volti ya betri: kila seli zinapofika wastani wa volti 2.35, yaani volti 56.4 kwa betri nzima, feni huwaka bila kuuliza gesi iko kiasi gani. Hoja ya barafu ilirudi mezani, kwa haki. Feni ya wati 30 ikizunguka saa 5 hula wati-saa 150, umeme unaotosha kilo chache tu za barafu, na wenyewe walipoiona hesabu hiyo mjadala ukaisha. Feni pia ilihamishwa. Badala ya kuvuta hewa yenye gesi kupitia kwenye mota yake, sasa imekaa chini ukutani na kusukuma hewa safi ndani.

Uamuzi wa pili ulihusu dari. Boriti zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, hivyo kila mfuko wa hewa uliishia ukutani. Fundi mwashi alitoboa tundu la bomba mwisho wa kila mfuko, akaweka viwiko vinavyotazama chini ili mvua isiingie, pamoja na wavu. Kulikuwa na pendekezo la kutoboa matundu mawili makubwa tu, ambalo lingekuwa rahisi zaidi, lakini tundu la mfuko mmoja halimsaidii jirani yake.

Tatu, kidhibiti chaji kilipewa kipimajoto cha betri, ambacho hakikuwa nacho tangu mwanzo. Betri za aina hii huhitaji volti ipunguzwe kama milivolti 5 kwa kila seli kwa kila nyuzi moja juu ya 25. Betri zilipofika nyuzi 37 wakati wa kaskazi, chaji ilipaswa kushuka kwa karibu volti 1.4, haikushuka, na ziada yote ikaishia katika kuyachanganua maji.

Kuhusu kihisi chenyewe tulitofautiana. Fundi wa kituo alitaka paladi iondolewe kabisa. Mimi nilikuwa na maoni kwamba tatizo lilikuwa aina ya utando na jinsi ulivyosomwa, wala si metali. Tulikubaliana king'ora kiendeshwe na kihisi cha kichocheo, ingawa kinakula umeme zaidi na huharibiwa na mvuke wa silikoni, na utando mpya wa paladi na nikeli uwekwe pembeni yake, king'ora kikilia ukinzani wake ukihama upande wowote, juu au chini.

Matokeo

Matumizi ya maji yalirudi karibu na yalivyokuwa mwaka wa kwanza. Siku za kusawazisha, kipimo cha mkononi kati ya boriti hakijavuka asilimia 0.5. Hakuna aliyeumia wakati wowote. Seli mbili zilikuwa zimeshaharibika kwa sahani zake kukaa juu ya maji, na zilibadilishwa kwa gharama ambayo kikundi bado kinailipa.

Uchambuzi

Dhana ya kwanza ya kila mtu ilikuwa chumvi. Ya pili ilikuwa tope la mikoko, ambalo maji yakikupwa hutoa harufu ya mayai viza, yaani salfidi ya hidrojeni, na ni kweli kabisa kwamba salfa hushika uso wa paladi na kuzuia molekuli za hidrojeni zisipasuke. Dhana zote mbili zilistahili kupimwa, lakini hazilingani na tulichokiona. Utando uliotiwa sumu huwa mzito na dhaifu: hupanda kidogo, au haupandi. Hauwezi kugeuza mwelekeo. Ukinzani kushuka kutoka omu 400 hadi 150 mbele ya hidrojeni unahitaji maelezo ya kimaumbile, na maelezo hayo yako kwenye nyufa.

Utando ulioshikwa na kioo hauwezi kutanuka kwa upana. Paladi inapovimba kwa kuingia beta, nafasi pekee iliyobaki ni kwenda juu, na ndani yake hujengeka mkazo wa mgandamizo unaoweza kufika kiwango cha gigapaskali. Nishati inayojikusanya humo huongezeka na unene. Utando wa nanomita 10 au 20 huvumilia pale ambapo ule wa 100 hujikunja, hujiinua na kubanduka, hasa kama chini yake hakuna tabaka la kuushikilia, kwa mfano la kromi. Watengenezaji walichagua unene ili ishara iwe tulivu, na wakaacha tabaka la kushikilia. Kwa kipimo cha mezani katika hali ya alfa, utando huo ungedumu. Chumbani ulipelekwa beta na kurudishwa kila chaji ya kusawazisha, na kila safari ikaongeza ufa.

Nyufa zikishatosha, njia ya umeme hukatika vipande na ukinzani wa hewa safi hupanda. Hii ndiyo iliyokuwa sifuri inayohama. Hidrojeni ikija, vipande huvimba, kingo za nyufa hugusana, njia hufunguka, na ukinzani hushuka. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walionyesha tabia hiihii katika nyaya nyembamba sana za paladi zenye mikatiko, na wakaitumia kwa makusudi kutengeneza kihisi chepesi kuitikia. Katika kituo chetu ilitokea bila mtu kuikusudia, ndani ya kifaa kilichoandikiwa programu ya kwamba kupanda ni gesi na kushuka ni usafi. Kila gesi ilipoongezeka, kifaa kilipata hesabu iliyo chini ya sifuri, na programu ikaionyesha kama 0.0.

Kwa hiyo kitufe cha sifuri ndicho ninachokilaumu zaidi ya utando. Kuhama kwa sifuri kulikuwa ni taarifa sahihi ya metali inayopasuka, na kila kilipobonyezwa taarifa hiyo ilifutwa na nyufa zikafanywa kuwa hali ya kawaida. Fundi alifuata maelekezo aliyopewa na waliokipima kifaa mezani, na maelekezo yalikuwa na pengo: hayakumwambia asome kwanza ukinzani halisi na kuulinganisha na ule wa karatasi. Omu 62 zikiwa 90, hapo tayari pana jambo la kuulizwa. Lakini kioo cha kifaa kilionyesha asilimia peke yake, omu zikafichwa ndani. Kifaa cha usalama kinachoficha kipimo chake cha asili kinamnyima fundi jicho lake, na ningependa watengenezaji wa vifaa vya miradi walichukue hili kwa uzito.

Kilichofanya kazi ni daftari la maji. Lita moja ya maji ikichanganuliwa na umeme hutoa karibu lita 1,360 za hidrojeni. Matumizi yalipotoka lita 9 kwa mwezi kufika 20, zile 11 za ziada, hata ukitoa kilichokwenda kwa mvuke, ni lita zaidi ya 10,000 za gesi zilizopita katika chumba chenye mifuko darini. Mhudumu hakuwa na hesabu hii, ila alikuwa na namba zake, zilizoandikwa kwa mkono mmoja na kwa utaratibu mmoja, na zilikuwa zinapingana na mashine. Mwasho wa koo haukutokana na hidrojeni, ambayo haina harufu wala ladha. Ulitokana na ukungu wa asidi unaorushwa na mapovu. Palipo na ukungu huo, hidrojeni ipo. Mwenyekiti alipompa jibu la kwamba watu wa chuo ndio wajuao, alikuwa analinganisha vyeo vya wasemaji, ilhali palikuwa na vipimo viwili vya kulinganishwa.

Utando mpya una nikeli kwa sababu nikeli huifanya fuwele kuwa finyu zaidi, ikadai shinikizo kubwa zaidi kabla ya kuruka kuingia beta. Mwaka 1992 Hughes na Schubert wa maabara za Sandia, Marekani, walieleza matumizi ya mchanganyiko huo kwa kupima kiasi kikubwa cha hidrojeni, na kiasi kinachotuhusu sisi, kati ya asilimia 1 na 4, kiko humo. Bei yake ni ishara ndogo: badiliko la ukinzani ni dogo kuliko la paladi tupu, na joto la mchana wa kaskazi peke yake linaweza kulifunika lisipokadiriwa. Ndiyo maana pembeni yake pamewekwa utando wa pili wa aina hiyohiyo uliofunikwa usifikiwe na gesi, ili joto liwapate wote wawili na tofauti kati yao ibaki kuwa ya hidrojeni.

Jambo ambalo halijatatuliwa ni gesi ya majaribio. Kihisi chochote, cha paladi au cha kichocheo, hakithibitishwi kwa kukiona kinasoma sifuri. Huthibitishwa kwa kukipa gesi inayojulikana na kuona kinaitikiaje. Chupa huagizwa Mombasa na haipakiwi kwenye gari wala boti yoyote ya abiria, hivyo huchelewa. Mpaka ifike, mhudumu hupeleka kipimo cha mkononi kati ya boriti kila chaji ya kusawazisha, na katika daftari lake, pembeni ya safu ya lita za maji, ameongeza safu ya omu.